Kahawa: tafuta nembo mbili, si moja

Ukinunua kahawa, geuza pakiti usome nyuma kabla hujavutiwa na picha ya mbele. Wengi hudhani nembo ya biashara ya haki na ile ya kilimo hai ni kitu kimoja. Sivyo. Ya kwanza humkinga mkulima bei inapoporomoka sokoni. Ya pili inahusu shamba lenyewe, kwamba mibuni haikuzwi kwa dawa wala mbolea za viwandani. Pakiti inaweza kuwa na moja tu.

Zikiwepo zote mbili, tofauti inaonekana kwenye hesabu. Katika mfumo wa Fairtrade, mojawapo ya nembo za biashara ya haki, tangu Agosti 2023 bei ya chini ya arabika iliyooshwa (aina ya kahawa ambayo nyama ya tunda huondolewa kwa maji) ni dola 1.80 za Marekani kwa ratili, yaani karibu gramu 454. Ikiwa ni ya kilimo hai, huongezwa senti 40. Juu yake kuna senti 20 za mfuko wa ushirika, na wanachama wenyewe huamua zitumikeje. Soko likipanda kupita bei hiyo ya chini, hulipwa bei ya soko badala yake. (Fedha hizo hulipwa chama cha ushirika, kwa hiyo si kila senti inafika mkononi mwa mkulima.)

Neno "asilia" peke yake kwenye pakiti lisikubabaishe. Tafuta jina la shirika lililokagua. Na ladha? Hapo nembo hazisaidii sana. Angalia tarehe ya kukaangwa, na nunua pakiti ndogo utakayoimaliza mapema.