Kuomba fedha za utafiti wa kiharusi Pemba

Anza na swali, tena liwe dogo. "Kuboresha huduma za kiharusi Pemba" ni dua tu. Swali ni kama hili: wauguzi wa Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, wakimpima kila mgonjwa kumeza kabla hajapewa uji, homa ya mapafu, ile inayoletwa na chakula kupotea njia, itapungua? Mgonjwa akalishwe wima, apewe vijiko vichache vya maji, kisha kikombe. Akikohoa, au sauti ikawa ya majimaji, asipewe kitu mdomoni mpaka apimwe tena. Gharama kubwa hapo ni mafunzo na mtu wa kuandika matokeo.

Hesabu ya wagonjwa itangulie bajeti. Ukitaka kuonesha kwamba vifo na ulemavu mkubwa vimeshuka kutoka asilimia 50 hadi 40, kwa uwezo wa kitakwimu wa asilimia 80 (yaani nafasi ya utafiti kuiona tofauti hiyo kama ipo), unahitaji wagonjwa karibu 390 kila kundi, lenye huduma mpya na lisilo nayo. Mmoja katika kila watano akipotea, andikisha 488 au zaidi kila kundi. Sasa fungua rejista ya wodi uwahesabu waliolazwa mwaka mzima kwa kiharusi, usiulize makadirio ya mtu. Hawatoshi? Ungana na Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au chagua tokeo linalotokea mara nyingi zaidi.

Usitegemee kwamba wazo zuri litajitetea. Utafiti wa ATTEND wa India, uliochapishwa 2017 ukiwa na wagonjwa 1,250, uliwafundisha jamaa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani, na tofauti haikuonekana. Wanaosoma maombi ya fedha wanaujua. Kama wazo lako linafanana nao, eleza linapotofautiana.

Kwenye bajeti, fungu linalosahauliwa khasa ni ufuatiliaji wa siku ya 90 baada ya kiharusi, mgonjwa anapopimwa ulemavu kwa kipimo cha Rankin, 0 hana dalili yoyote, 6 amefariki. Kufika siku hiyo, wengi hawapatikani: simu ilikuwa ya mkwe, mgonjwa keshahamishiwa kwa mwanawe Unguja. Chukua namba tatu siku ya kwanza (ya mgonjwa, ya anayemhudumia, ya jirani), jina la shehia na la sheha, na jina analojulikana mtaani. Tenga muda wa maongezi, nauli ya bodaboda, ya meli, na ya boti kwa watu wa Kojani. Waliopotea aghlabu ndio walio hoi au waliokwishafariki. Ukiwaacha, matokeo yanapendeza kuliko ukweli.

Picha ya CT ya ubongo ilipiwe na mradi kwa kila mgonjwa. Bila hiyo hutenganishi mshipa ulioziba na uliopasuka, na akilipa mwenyewe utabaki na wenye uwezo tu.

Kibali cha maadili kinaombwa ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya Zanzibar. Aliyepoteza kauli hawezi kuridhia mwenyewe, hivyo ambatanisha fomu ya jamaa, na andika kwamba ataulizwa tena kauli ikirudi. Fomu iwe ya Kiswahili cha mtu wa Micheweni, si cha ofisini. Ratiba ianze kuhesabiwa kibali kikishatoka. Ziara za Ramadhani zipange asubuhi.

Bajeti iandike kwa shilingi kwanza, kisha igeuze kwa sarafu ya mfadhili, ukitaja kiwango na tarehe yake. Wafadhili wengi huzuia awamu ya mwisho mpaka ripoti ifike, basi mishahara ya wafuatiliaji isitegemee awamu hiyo.