Pancha na gari ya sports isiyo na spea: maandalizi yanafanyika nyumbani, sio barabarani

Wakuu, kama una Toyota 86, Roadster, RX-8 au gari yoyote ya sports iliyoshushwa kutoka Japan, kabla hujaendelea kusoma nenda kafungue buti, nyanyua zulia, angalia kuna nini pale chini. Wengi mtakuta kichupa cha dawa ya kuziba na kapampu kadogo ka umeme basi, spea hakuna. Gari haijaibiwa kitu, ilitoka kiwandani hivyo hivyo kwa ajili ya kupunguza uzito na kuokoa nafasi, na kule kwao ukipata pancha unapiga simu gari ya msaada inakuja mpaka ulipo. Huku kwetu uko katikati ya Msata na Mkata saa moja usiku, mtandao unakuja na kukata.

Hapo Msata naongea kwa sababu yalinikuta. Nina 86 ya 2013, nilikuwa naenda Tanga na mdogo wangu, tairi ya nyuma kushoto ikaokota skrubu. Sikuwa na wasiwasi maana nilijua dawa ipo, nikakitoa kichupa, nikatikisa, sikusikia kitu kinacheza ndani, kumbe tarehe ilishapita miaka mingi na dawa yote imeganda kama gundi kavu. Akasimama jamaa mmoja na IST akatupa spea yake kwa moyo mweupe kabisa, lakini IST yake ni nati nne na yangu ni tano. Dereva wa lori naye akatoa jeki yake, haikuingia hata chini ya gari. Tulikaa pale mpaka saa sita usiku. Watu walikuwa tayari kusaidia, ila hakuna kitu chao hata kimoja kilichoingia kwenye gari yangu, na tangu siku hiyo nikaelewa kwamba gari za aina hii lazima utembee na vitu vyake mwenyewe na uwe umeshavijaribu.

Tuanze na hiyo dawa. Angalia tarehe kwenye kichupa, ikiwa imepita tupa ununue nyingine. Na ujue mipaka yake, inaziba tundu dogo la msumari pale kwenye kashata za tairi tu, yaani sehemu inayokanyaga barabara, ubavuni haifanyi kitu, na tairi iliyopasuka ndo usahau kabisa. Ukishaiweka jaza upepo, na kama baada ya dakika kumi hivi geji haijafika hata psi 26 basi tairi imeumia zaidi ya uwezo wa dawa, usilazimishe. Ikikubali jaza mpaka 35, tembea kilomita tano mpaka kumi bila kuzidi 80 kwa saa ili dawa isambae, simama pima tena. Halafu ukifika kwa fundi pancha mwambie mapema kwamba ndani kuna dawa, asije akafungua tairi ikamrukia usoni.

Mimi dawa naiweka kama njia ya mwisho, naanza na utambi, ule mpira wenye gundi unaouzwa na tupasi twake tuwili, yaani vichuma vyenye mpini, kamoja ka kukwangulia na kengine kenye tundu kama sindano. Ni bei ndogo sana na unafanya kazi kuliko dawa, ila usinunue ukaweka tu kwenye buti, nenda kwa fundi pancha wa mtaani muombe tairi kuukuu ujaribu hata mara mbili, atakuelekeza vizuri tu. Barabarani ukiona msumari usikimbilie kuuchomoa. Kama tairi bado inashika upepo jaza utembee mpaka kwa fundi, msumari wenyewe ndo umeziba hapo. Kama upepo unatoka kwa kasi, tairi ya mbele kata usukani mpaka mwisho utaiona vizuri bila hata kuifungua, ya nyuma sogeza gari kidogo kidogo mpaka msumari ukutazame. Angalia msumari umeingia kwa kulala upande gani, uchomoe kwa plaizi, kisha pasi ya kukwangulia uipitishe kwa mlalo ule ule, ingiza toa mara tano sita, hapo mkono utauma maana waya za ndani ya tairi ni ngumu kweli. Pitisha utambi kwenye sindano, paka gundi, sukuma mpaka zibaki kama sentimita mbili nje, halafu vuta kwa nguvu mara moja, sindano inatoka utambi unabaki. Kata ziada, jaza upepo, mwagia maji ya sabuni. Povu likianza kuchemka pale, rudia.

Pampu nunua yenye geji inayosoma vizuri, na uijaribu nyumbani kwa kutoa upepo tairi moja hadi ilale kabisa halafu uijaze hadi 35 ukiwa umewasha injini. Utajua inachukua dakika ngapi, waya wake kama unafika tairi za nyuma (zingine haufiki jamani!) na kama fyuzi ya ile soketi ya sigara inahimili.

Sasa spea yenyewe, hapa ndo watu wengi hawajui na ndo sehemu nayoipenda. 86 ina jina la Toyota lakini ilitengenezwa kiwanda cha Subaru, na miguu yake ni ya Subaru, nati tano zilizopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Kwahiyo ile spea nyembamba ya dharura ya Impreza ya kawaida inakaa, nenda Ilala au Gerezani utazipata kwenye gari zilizokatwa. Angalia tu isiwe ya STI, ile Impreza ya sports, ya kuanzia 2005 maana hizo ni 114.3. Tafuta inayokaribiana kimo na tairi zako, mimi nina 215/45R17 ambayo kimo chake ni kama milimita 625, spea ya 135/80D16 inakuja 622 yaani karibu sawa kabisa, lakini ile ya 135/70D16 ni 595, inaingia ila gari inakaa upande. Ifunge kwenye kila mguu nyumbani, izungushe kwa mkono usikie kama inagusa brek. Upepo wake ni psi 60, sio 35, na zikikaa muda mrefu zinaisha upepo zenyewe kwahiyo pima kila ukisafiri. Mwendo mwisho 80.

Na kama gari yako ina difu ya LSD, ile inayobana tairi za nyuma zisizunguke kwa kasi tofauti, usiweke kitairi kidogo nyuma, difu itakuwa inasuguana muda wote. Pancha ikiwa ya nyuma, toa tairi nzima ya mbele ipeleke nyuma, kitairi weka mbele. Ni kufungua mara mbili, najua inachosha, lakini difu ni hela nyingi. Tairi bovu litakaa ndani, laza kiti cha nyuma, 86 inameza tairi nne kwa mpangilio huo.

Nati, tafadhali sana. Za Toyota nyingi nafasi kati ya nyuzi ni milimita 1.5, za 86 ni 1.25 kama Subaru, kichwa ni cha spana 19. Ukipoteza moja ukaazima ya IST au Noah itaanza kuingia mizunguko miwili ikagoma, fundi asiyejua ataikaza kwa bomba na nyuzi za stadi, ile bolti inayoshika nati, zitakufa. Kaa na nati mbili za ziada kwenye dashibodi. Kama rimu zako zina nati za kufuli, ufunguo wake uko wapi sasa hivi? Nenda kauangalie. Na ukitoka kwa fundi aliyezikaza kwa mashine, rudi nyumbani jaribu kuzilegeza kwa spana yako, zikigoma uwanjani zitagoma na porini.

Jeki chukua fupi, upime gari ikiwa imelala kwenye rimu sio ikiwa na upepo, maana inashuka. Mimi natembea na kipande cha mbao cha unene wa sentimita nne, napandisha tairi bovu juu yake taratibu, jeki inapata nafasi. Inua kwenye sehemu zilizoandaliwa chini ya sketi za ubavuni, ukikosea plastiki inapasuka.

Kingine ni sehemu ya kusimama. Tairi ikilala toka barabarani kabisa hata kama utaiumiza zaidi, washa hazadi, pembetatu weka mbali sio pale nyuma ya buti, na ukiweka matawi yaondoe ukimaliza pamoja na mawe, kuna mwenye pikipiki atapita gizani. Ndani ya Mikumi kuna kama kilomita 50 za barabara zinazokatiza hifadhi, pale hushuki ukachuchumaa kando ya tairi, tembea mdogo mdogo hadi getini au omba msaada ukiwa ndani ya gari, hata rimu ikifa ifie hapo.

Ubavu ukichanika utambi na dawa havina kazi, kama huna spea unaita brekidauni. Mwambie kabisa kwenye simu unataka ya kubeba gari mgongoni, sio ya kuning'iniza, bampa ya mbele haitapona. Ile pete ya kuvutia inafungwa kwa kuzungusha, tafuta ilipo leo na ujue kifuniko chake kwenye bampa kinafunguka vipi.

Ukishafunga tairi, kaza nati kwa kuruka ruka umbo la nyota gari ikiwa imeshuka chini, kilo 12 (kgf·m) kama una toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, halafu ukienda kama kilomita 50 simama uzikaze tena.