Jinsi ya kupima risasi ipi ya .22 inachafua bunduki, na namna ya kuisafisha

Wengi wakienda kununua .22 wanauliza bei na kama inalenga vizuri basi, habari ya uchafu hakuna anayeuliza mpaka siku bunduki imeanza kukwama renji (uwanja wa kulenga shabaha). Huu mwongozo ni wa .22 LR (Long Rifle, ile risasi ndogo ya kawaida), na mfano ntakaoutumia ni Ruger 10/22 manake huku Marekani imejaa kila mahali, inatengenezwa tangu 1964, alafu ni semi-otomatiki (inajipakia yenyewe kila ukipiga) na hizo ndo zinateseka na uchafu kuliko zote.

Kwanza ujue uchafu unatoka wapi. Kichwa cha .22 kina uzito wa gramu 2.6 hivi, na upana wake ni sawasawa na ganda, kwa hiyo grisi yake (nta) haiwezi kujificha ndani ya ganda, inapakwa nje, ukiishika inanata vidoleni na vumbi la mfukoni linanata hapohapo. Na hii 10/22 boliti yake (kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi) haijifungi kwa kufuli, inarudishwa nyuma na msukumo wa ganda lenyewe, sasa masizi na chembe za baruti ambayo haijaungua vyote vinarudi ndani ya mashine. Kwa hiyo kuna uchafu wa aina mbili, wa mtutu na wa chemba (pale risasi inapokaa) na boliti, usivichanganye kabisa maana utalaumu risasi ambayo haina kosa.

HATUA YA 1. Toa magazini, vuta boliti nyuma uifunge hapo, chungulia chemba, alafu ingiza kidole kidogo uhakikishe kwamba ni tupu. Risasi zote zipeleke chumba kingine. Hii hairukwi hata kama umeishusha kwenye gari sasa hivi.

HATUA YA 2. Safisha bunduki yote mpaka kitambaa kitoke cheupe. Ukianza na mtutu mchafu hutajua ni nani kachafua.

HATUA YA 3. Piga boksi moja la 50 la aina moja tu, rudi nyumbani ukague, safisha, ndo uende aina nyingine. Ukipiga aina tatu siku moja bila kusafisha katikati hujapima kitu.

HATUA YA 4, hapa usiwe na haraka. Pitisha kitambaa cheupe kikavu, kisha chenye solventi, dawa ya kuyeyusha uchafu (Hoppe's No. 9 inatosha sana), uvilaze vyote kwenye karatasi karibu na dirisha. Weusi laini unaotoka kirahisi ni masizi, hayo yasikusumbue. Ila ukiona vipande vyembamba vya kijivu vinavyong'aa, hayo ni madini ya risasi yaliyoganda kwenye mifereji ya mtutu na hapo shabaha inaanza kutawanyika. Alafu mulika tochi usoni mwa boliti na chini ya kile kikucha kinachovuta ganda, uone kama kuna masizi makavu au tope la nta.

Nnachokiona mimi: zenye vichwa vilivyopakwa shaba, mfano CCI Mini-Mag, ni kavu mkononi na haziachi madini ya risasi mengi mtutuni. SK Standard Plus ina nta nyingi, boliti inakuwa na utando lakini mtutu unabaki mzuri sana, kwa shabaha mi naipenda hiyo. CCI Standard Velocity iko katikati, ndo naipigia sana. Zile za bei ya chini zenye kichwa cha madini ya risasi tupu, bila shaba, zinazouzwa kwa mamia ndani ya ndoo ndo zinaacha vipande vya kijivu, japo kila bunduki ina tabia yake, pima ya kwako.

HATUA YA 5. Anza na chemba. Mbele kidogo ya pale mdomo wa ganda unapoishia panaota pete ngumu ya kaboni, na ukiwa unapiga .22 Short (ile yenye ganda fupi) kwenye hiyohiyo bunduki pete inaota nyuma zaidi, ndo maana LR ikifuata inagoma kuingia. Lowesha na solventi, acha kama robo saa, zungusha brashi ya bronzi kwa mkono. Brashi ya chuma usiiguse. Boliti isugue na mswaki wa zamani, chini ya kikucha tumia kijiti cha meno.

Mtutu wa 10/22 nyingi huwezi kuingiza fimbo kwa nyuma bila kuung'oa, kwa hiyo tumia kamba ya kuvuta, iingie chembani itokee mdomoni. Fimbo ikipitia mdomoni inakwangua ukingo pale mbele, na ukingo ukiharibika shabaha imeharibika nao.

Nikiwa sipimi, chemba na boliti mi nasafisha kila nikitoka renji, mtutu naugusa shabaha ikianza kutawanyika au nikiona kijivu, kwa sababu ukiusafisha unaondoa na ile nta, itabidi upige risasi kadhaa ndo utulie tena.

HATUA YA 6. Mafuta tone moja moja tu kwenye njia ya boliti, ufute yanayobaki, yakizidi yanakamata masizi. Chembani paache pakavu.

Na jamani, hiyo kazi ifanyike penye hewa na glavu mkononi, madini ya risasi ni sumu, na fataki nyingi (ile inayowasha baruti ndani ya ganda) zina kemikali yake pia. Usile wala kuvuta sigara hapo, mikono ioshe kwa sabuni na maji baridi, vitambaa vifunge kwenye mfuko uvitupe mbali na watoto.