Zuia Jua Likiwa Bado Nje

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba za mjini, na sigusi karatasi kabla sijafika kiwanjani saa kumi alasiri. Saa hizo jua limeinama, linapiga ubavu wa magharibi moja kwa moja, na upenu wa kawaida haufui dafu. Ndiyo maana upande huo naweka stoo, ngazi na bafu, vyumba vya kulala nikavisogeza kwingine. Anayebisha aweke kiganja kwenye ukuta wa tofali wa magharibi saa tatu usiku. Bado una joto, na joto hilo linaingia chumbani mtu akiwa kitandani.

Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Kwenye nchi zenye majira ya baridi, kubwa zaidi litazame upande wa ikweta: jua la baridi hupita chini na kuingia ndani, la kiangazi hupita juu na kukatwa na upenu.

Pazia usilitegemee. Jua likishapenya kioo hulipasha pazia, na sehemu kubwa ya joto hubaki chumbani. Kivuli kikae nje ya kioo: upenu mpana, vibao vya mbao, mti, hata mmea unaotambaa kwenye waya.

Karibu na ikweta, jua la mchana liko utosini, kwa hiyo paa hubeba mzigo wa joto kuliko ukuta wowote. Chagua bati jeupe au la rangi hafifu. Piga dari, tandaza juu yake tabaka la kuzuia joto, kisha acha matundu kwenye ukingo wa paa na kileleni ili hewa ya moto itoke. Mafundi hupenda kuyaziba wakihofia popo na ndege. Mwambie wako aweke wavu.

Chumba chenye dirisha moja hakipitishi hewa vizuri. Kama ukuta wa jirani umekubana na upepo haufiki, tumia kimo: tundu la chini upande wenye kivuli, la juu upande wa pili. Hewa ya moto ikipanda na kutoka, huvuta ya baridi kutoka chini.

Taa ni rahisi: LED ya wati 9 inatosha palipokuwa na balbu ya wati 60.

Maji nayo yahesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 80 likipata milimita 10 hukupa karibu lita 800. Maji ya mwanzo yana vumbi, yamwage. Uani usisakafie kote. Acha udongo unywe.

Paneli za sola zije mwisho, ukishajua umeme unaohitaji baada ya hayo yote. Kabla ya kuzifunga, angalia kivuli cha ghorofa ya jirani kinafika wapi asubuhi na jioni, maana paneli moja ikifunikwa huweza kuzipunguzia nguvu zilizounganishwa nayo.