Kadi ya 1911 ikiwaka kwenye taa ya noti, rudisha mzigo

Wakuu wa Dodoma mnaoagiza hizi kadi za zamani za madereva wa mbio za magari, kabla hujatoa hela jua kwanza kadi ni ya zama gani maana kila zama na karatasi yake, ukishalijua hilo kukupiga inakuwa kazi.

Mambo yalianzia kwenye sigara. Mwaka 1911, mwaka uleule mbio za magari za Indianapolis 500 (Indy 500) kule Marekani zilipoanza, American Tobacco ya Marekani waliweka kadi 25 za madereva kwenye pakiti za sigara zao za Hassan na Mecca. Uingereza nao kampuni ya sigara ya Churchman wakatoa 50 za seti ya Kings of Speed mwaka 1939, vita ikaja, karatasi ikaadimika, kadi za sigara zikafia hapo. 1954 kampuni ya nyama ya Indianapolis, Stark & Wetzel, wakatoa za washindi wa Indy 500. Seti ya kampuni ya Maxx ya madereva wa NASCAR, mbio nyingine za magari za Marekani, ni 1988, na za mwanzoni mwa miaka ya 90 zilichapwa kwa fujo, mtu akikwambia ni adimu mwache aendelee kuongea.

Sasa mzigo umefika Posta na muda wa kurudishiwa hela haujaisha, beba kadi nenda kwa wakala au duka lolote lenye kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti feki, mwombe kidogo tu. Iweke chini ya taa, pembeni yake weka karatasi ya A4. A4 itawaka weupe wa kibluu sababu karatasi za siku hizi zina kemikali ya kung'arisha, na mwaka 1911 hiyo kitu haikuwepo, kwa hiyo kadi ikiwaka nayo ni ya juzi hiyo. Isipowaka usishangilie bado, wajanja wanachapa kwenye karatasi kuukuu. Azima lenzi kwa fundi saa uangalie herufi: orijino wino umeshiba, mstari mmoja, ila iliyoskaniwa unakuta herufi yenyewe ni vidoti vidoti vya rangi.

Kutunza: mfuko laini kwanza, ndo plastiki ngumu, halafu boksi lenye mfuniko mbali na jua. Vumbi letu la kiangazi lipulize tu, usifute na kitambaa kibichi. Na nakuomba ndugu yangu, usiipeleke stashenari ikapigwe lamineshi, watakwambia itadumu na kweli itadumu, ila hakuna atakayeinunua.