Banda la sungura la kuvukia baridi ya Njombe

"Fundi, nifungie pande zote, nisije nikaamka nikakuta wameganda." Oda ya namna hii huanza kuja karakana mwishoni mwa Mei, ukungu unaposhuka mjini na watu kutoa makoti kabatini. Mzazi kamnunulia mtoto sungura wawili wa kufuga na kuchezea, sasa anaona watalala nje, roho inamuuma. Namwelewa. Ila boksi la kuzibwa pande zote silitengenezi, hata ulipe mara mbili.

Sungura kaja na koti lake. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 38.5 hadi 40, na akiwa mzima, ameshiba na yuko pakavu, baridi anaiweza kuliko jua la Dar es Salaam. Kinachommaliza huku kwetu ni unyevu na upepo. Ukimfungia kwenye boksi, mkojo unabaki ndani, ile harufu kali inayochoma macho inapanda, kuta zinatoa jasho, na haichukui muda ameanza mafua: makamasi puani, na manyoya ya miguu ya mbele yamegandana kwa kujifuta. Mafua hayo yakifika mapafuni, mtoto atalia kweli.

Basi kabla ya msumari wa kwanza, amua banda litazame wapi. Juni hadi Agosti upepo wetu ni wa kusi, unatoka kusini-mashariki. Jua nalo miezi hiyo linapita upande wa kaskazini. Simama uwanjani saa sita mchana. Kivuli chako kinakolala ndiko kusini. Mgongo wa banda, uliozibwa, uelekee huko na mashariki kidogo, na uso wenye wavu utazame kaskazini. Hapo upepo unagonga mbao, na jua linaingia ndani mpaka kwenye sakafu. Nimeona mabanda mazuri ya pesa nyingi yametegeshwa kinyume, mwenye nyumba anashangaa kwa nini sungura wamejikunja kona moja mchana kutwa.

Mbao Njombe si tatizo. Kama pesa ni ndogo, nenda kiwanda cha mbao uchukue mabanzi ya msindano, uyapange kwa kupandana ili mwanya wa moja ufunikwe na lingine. Mgongo na ubavu mbili ziba. Mbele weka wavu. Juu ya wavu, chini kabisa ya paa, acha uwazi wa vidole viwili urefu wote wa banda, nao uuzibe kwa wavu. Hewa nzito itatokea hapo bila kumpulizia mnyama aliyelala chini.

Sasa paa, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Bati tupu ni adui. Usiku sungura wanapumua, mvuke unapanda, unakuta bati lina baridi kali, unageuka maji. Ingiza mkono alfajiri uguse bati kwa ndani, utaona mkono umelowa, na matone yamejipanga kwenye kila mgongo wa bati yanasubiri kudondoka juu ya sungura. Dawa yake ni kupigilia mbao nyembamba chini ya bati, kama dari, na kuacha nafasi ya vidole viwili kati ya dari na bati. Paa lichomoze mbele kiasi cha sentimita 30 na limwage maji nyuma.

Miguu ya banda iwe na sentimita 70 hivi kutoka ardhini, maana udongo wetu kipindi hiki haukauki. Kwa sungura wawili wa kawaida napendekeza banda lenye urefu wa mita 2, kina cha sentimita 70, na kimo cha kumwezesha kusimama kwa miguu ya nyuma bila masikio kugonga. Hata hivyo, mchana wafungulie wakimbie kwenye uzio. Sakafu nusu iwe ya fito zenye mwanya wa sentimita moja na nusu, kinyesi kipite, na nusu iwe mbao kamili. Sakafu ya waya mtupu inawachubua nyayo.

Kwenye ile nusu ya mbao weka kisanduku cha kulala cha sentimita 60 kwa 40, kimo 40. Kinaonekana kidogo, na ndivyo kinavyotakiwa: wawili wakibanana wanapashana joto wenyewe. Tundu la kuingilia liwe pembeni, si katikati, na liwe na kizingiti cha sentimita 10 cha kuzuia matandiko yasimwagike. Chini mwaga maranda unene wa kiganja, juu jaza nyasi kavu mpaka karibu na dari. Watazichimba wenyewe wajitengenezee shimo, na watazila pia, kwa hiyo ongeza kila siku.

Maranda nasema yale mapana ya kwenye randa. Unga wa msumeno una vumbi linaloingia puani. Uliza pia yametoka wapi: huku tunatengeneza nguzo za umeme, na mbao iliyotiwa dawa si ya kumlalisha mnyama anayetafuna kila kitu. Blanketi usiweke. Linanyonya mkojo, na nyuzi zikimezwa zinaziba tumbo. Kila asubuhi penyeza mkono hadi chini ya matandiko. Ukihisi ubichi, toa sehemu hiyo yote uweke kavu.

Usiku shusha pazia la viroba mbele ya wavu, ukiacha wazi robo ya juu. Asubuhi likunje. Turubai la plastiki nalo sawa siku ya mvua ya upepo, ila lisibaki limeshuka kutwa.

Jiko la mkaa bandani, hapana. Kila mwaka nasikia mtu kaweka. Ule mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na moto karibu na nyasi kavu hauhitaji maelezo. Usiku ukiwa mkali mno, jaza kidumu cha lita tatu maji ya moto, funga kizibo barabara, kivingirishe kwenye gunia, kiweke upande mmoja wa kisanduku ili sungura achague kukisogelea au kukiacha. Pia usiwe mtu wa kuwaingiza jikoni jioni na kuwatoa nje alfajiri. Chagua moja: ndani au nje.

Chakula kinachowapa joto ni nyasi kavu, zisikatike usiku na mchana. Zikate mvua ikishaisha, zianike, zihifadhi juu ya fito, si chini. Majani mabichi yenye umande wa asubuhi yanawaletea matumbo kujaa, hivyo kata jioni, yatandaze yanyauke, uwape kesho yake. Maji wape ya vuguvugu asubuhi na jioni kwenye chungu kizito, kwa sababu yakiwa baridi sana wanakunywa kidogo, na asiyekunywa hali. Na kwa mji wetu huu wa parachichi na viazi: majani, maganda na tunda la parachichi ni sumu kwao, na majani ya viazi mviringo vilevile. Waambie watoto.

Usalama wa usiku. Msumari uliopindwa si komeo. Mbwa anaufungua kwa pua. Weka komeo la chuma juu na chini. Wavu laini wa kuku unachanika, nunua mgumu wenye matundu madogo, kwa sababu nguchiro na kicheche hupenya pembamba. Siafu ndio kiboko. Kila mguu wa banda uusimamishe kwenye kopo lenye oili chafu, na majani marefu yasiguse banda, yatakuwa daraja.

Masikio kuwa ya baridi peke yake usiogope. Ogopa sungura aliyejikunyata, hali, na hajatoa kinyesi tangu jana. Huyo ni wa daktari wa mifugo leo leo. Akiwa amelegea na mwili wote umepoa, mkaushe, mweke ndani ya koti lako kifuani, kidumu cha vuguvugu pembeni, umpashe taratibu huku ukitafuta usafiri.

Jike akipandwa, hesabu siku 31 hivi, na kabla ya hapo mpe sanduku la kuzalia lenye nyasi; atajinyonyoa manyoya kulijaza. Vitoto vinazaliwa uchi na macho yamefumba mpaka siku ya kumi. Kimoja kikitoka nje usiku utakikuta kimepoa kama kimekufa. Kitie kwanza kifuani, kwani vingi huamka.

Ndugu zangu wa Makete na huko juu Kitulo, ambako asubuhi barafu inakaa kwenye majani, sogezeni banda barazani Juni mpaka Agosti, lishike ukuta wa nyumba, na sakafu ya fito iwekewe trei ya bati chini yake ili baraza lisiharibike. Trei imwagwe kila siku.