SOMO: Kibuyu chirizi kwa choo cha nyumba ya kupanga

Nimeulizwa mara nyingi mno faraghani jinsi ya kutengeneza kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono linaloinama na kumwaga maji ukikanyaga fito. Naandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mwaka 2020 tulijaza ndoo za koki kila mlango wa duka. Tatizo la koki ni kwamba mkono uliotoka chooni ndio unaoifungua, na ukishanawa unaishika tena kuifunga. Kibuyu chirizi unakanyaga kwa mguu. Unachoshika ni sabuni tu.

Vifaa: dumu la lita 5 lenye mkono, nguzo mbili zenye panda, fito mbili, kamba ya manila, msumari, sabuni ya mche, changarawe. Dumu liwe lilibeba mafuta ya kula. Lililobeba dawa ya mimea au ya mifugo usilitumie hata ukiliosha mara kumi.

1. Chimba mashimo mawili ya karibu nusu mita, yaachane sentimita 70. Simika nguzo, shindilia.

2. Toboa dumu. Hapa ndipo vibuyu vingi vinapoharibika, someni polepole. Pasha msumari mwembamba motoni, toboa tundu moja upande ule ule wa mdomo, sentimita 10 hadi 12 chini ya mfuniko. Tundu liwe la milimita 2. Likizidi, dumu linaisha kabla ya adhuhuri na watu wanaacha kunawa. Ukitoboa karibu na kitako, maji yanatoka bila kukanyagwa. Weka na kitundu cha hewa nyuma, juu kabisa, la sivyo maji yatakwama-kwama. Ukijaza, komea chini kidogo ya tundu la mbele.

3. Pitisha fito kwenye mkono wa dumu, ilaze juu ya panda.

4. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke hadi ncha ya fito ya kukanyagia. Ncha hiyo ining'inie shubiri moja juu ya ardhi. Kamba ikiwa fupi, dumu linakaa limeinama na kuvuja.

5. Ning'iniza sabuni, mwaga changarawe chini.

6. Pangeni zamu ya kujaza maji, chumba kwa chumba, muibandike mlangoni. Choo kimoja kikihudumia familia tano, kuhara kwa mtoto wa chumba cha kwanza ni kwa wote. Dumu lisilo na mwenye zamu hukauka ndani ya wiki.

MASWALI

Kijana wa Tandale: Mkuu, langu linavuja muda wote.
Jibu: Hatua ya 2, sentensi ya mwisho. Halafu hatua ya 4.

Bosi Mdogo: Kwani ndoo ya koki ina ubaya gani?
Jibu: Nimeeleza kabla ya vifaa. Soma kwanza, ndugu.

Mama Zuu: Sabuni yetu inabebwa na kunguru. Na mvua nayo inaimaliza.
Jibu: Pole dada, kunguru wa Dar wanapenda sabuni kweli. Kata chupa ya maji katikati, toboa kitako, pitisha kamba, igeuze iwe kama mwavuli juu ya kipande. Au katakata mche, loweka, tia maji ya sabuni kwenye chupa yenye mfuniko uliotobolewa. Kunguru hana cha kudonoa, na mche mmoja unadumu zaidi.

Mwalimu wa Awali: Watoto wangu wa miaka minne wataweza?
Jibu: Wataweza, mwalimu, na wataking'ang'ania. Wekea nguzo fupi, dumu liwe usawa wa kifua chao, na fito ya kukanyagia iwe nyepesi.

Fundi Seremala: Mchwa watakula nguzo hizo. Unguzeni sehemu ya chini mpaka iwe nyeusi kabla ya kusimika.
Jibu: Asante fundi. Bora hivyo kuliko oili chafu, maana maji yanayochirizika pale yanaingia ardhini.

Mama Zuu: Maji hayo je, hayataleta mbu?
Jibu: Yakituama, ndiyo. Ongeza changarawe, chimba kimfereji kiende kwenye mgomba.

Fundi Seremala: Mpapai hapana, mizizi yake inaoza kwenye majimaji. Mgomba ndio wenyewe.